Kurusha, kudondosha au kupandikiza: mpunga wako msimu huu uupande vipi?

Kila Novemba mabishano hurudi kwenye vijiwe vya Nzega, Igunga na Uyui. Mbegu ya mpunga irushwe jarubani (kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo za kuzuia maji), idondoshwe kwa mistari, au ianzie kitaluni ije kupandikizwa? Anayerusha humwona mwenzake anayepandikiza kuwa anajitesa bure, naye anayepandikiza humwona anayerusha kuwa mvivu. Ukweli ni kwamba kila njia inadai kazi yake. Tofauti ni wakati inapoidai. Kurusha humaliza upandaji asubuhi moja, kisha deni lake likaja wakati wa palizi. Kupandikiza hulipwa mapema, mgongo ukiwa umeinama kwenye tope. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: maji yako yanakuja lini, na wiki gani ya msimu una watu wa kufanya kazi?

Ulinganisho huu unahusu zaidi majaruba yanayotegemea mvua kwenye mbuga za Tabora, yaani ardhi tambarare ya udongo mzito unaopasuka ukikauka. Wenye maji ya mfereji, kama wa skimu ya Mwamapuli kule Igunga, na wakulima wa bonde la Luiche mkoani Kigoma, nao watapata chao, ila mahesabu yao ya maji ni mepesi kidogo.

Njia zenyewe

Kurusha, au kusia kama wanavyosema wengine, kuna sura mbili. Ya kwanza ni kurusha mbegu kavu kwenye udongo uliolimwa baada ya mvua za mwanzo, kisha kuifukia kwa haro (chombo chenye meno cha kulainisha udongo) au kwa tawi zito linalokokotwa na ng'ombe. Ya pili ni kurusha mbegu iliyochipushwa juu ya tope lililovurugwa na kusawazishwa. Watu huziita zote kwa jina moja, lakini mahitaji yake yanatofautiana sana. Ukiona kwenye kipeperushi cha Kiingereza neno "broadcasting" usidhani ni habari za redio: ni hii hii, na redio ndiyo iliyoazima neno kutoka shambani.

Kudondosha ni kupanda mbegu moja kwa moja shambani kwa kufuata kamba. Vishimo huwa na kina cha sentimita 2 hadi 3, nafasi ni sentimita 20 kwa 20, na kila shimo hupata punje 4 hadi 6. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe na maji yaliyosimama.

Kupandikiza huanza kitaluni. Miche hukuzwa kwa siku 14 hadi 21, ikang'olewa na kupandwa kwenye jaruba lenye tope, miche 2 kwa shina (yaani kila mahali unapopanda), kwa nafasi ileile ya 20 kwa 20. Tawi lake moja ni kilimo shadidi, mfumo uliobuniwa Madagaska mwaka 1983 na padri Henri de Laulanié: mche mmoja tu kwa shina, wenye umri wa siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba likibadilishwa kati ya kuwa na maji na kukauka kidogo.

Vigezo vya kupimia

Tutazipima njia zote kwa mambo sita: maji, mbegu, watu wa kazi, magugu, hatari za shambani (ndege, mifugo, magonjwa, kulala kwa mpunga), na mwisho muda wa kukomaa pamoja na mavuno. Maji na magugu yamepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayoamua. Mengine mkulima anaweza kuyarekebisha njiani.

Maji

Kuloweka jaruba kavu mpaka livurugike hula milimita 150 hadi 200 za maji kabla hujaweka hata mche mmoja. Milimita moja juu ya ekari ni lita 4,000 na kidogo, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya lita 600,000. Tabora mjini hupata karibu milimita 900 hadi 1,000 kwa msimu mzima. Anayepandikiza, na pia anayerusha mbegu iliyochipuka kwenye tope, hutumia sehemu ya tano au ya sita ya mvua zake kutengeneza tope tu. Jaruba likiwa bondeni, maji ya mwinuko yanakuja yenyewe na gharama hiyo haionekani. Likiwa juu, lisilopokea maji ya mtu, utasubiri hadi Januari huku miche ikizeeka kitaluni.

Mbegu kavu inayorushwa au kudondoshwa haisubiri tope. Mvua ya kunyunyiza udongo hadi sentimita 10 chini inatosha kuanzia. Ndiyo faida yake kubwa, na hapohapo ndipo mtego ulipo. Mvua moja ya mapema Novemba huweza kuiamsha mbegu, kisha jua likawaka wiki mbili. Punje iliyokwisha toa mzizi hairudi kulala, inakufa. Anayerusha mapema lazima awe na mbegu ya akiba kwa angalau theluthi ya shamba. Aliyedondosha kwa kina cha sentimita 3 anapona zaidi kidogo, kwa sababu mbegu zake zote ziko kwenye unyevu wa aina moja. Zile zilizorushwa ziko kila kina: nyingine juu kabisa zinaliwa na njiwa, nyingine zimetumbukia kwenye nyufa za udongo wa mbuga, kina cha kidole kizima, na hazitatoka.

Upande wa pili kuna hatari ya maji kuwa mengi. Mbegu iliyorushwa ikiota na mvua kubwa ikafunika jaruba kwa siku kadhaa kabla majani hayajafika juu, inaoza. Mche uliopandikizwa ukiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20 unavumilia maji hayo bila shida. Kwa hiyo jaruba la bondeni ambalo hujaa ghafla na huna pa kuyatolea maji si mahali pa kurusha, hata kama ndiko kunakoonekana kuna rutuba.

Kingine kinachosahaulika ni usawa wa jaruba. Tofauti ya zaidi ya sentimita 5 kati ya pembe moja na nyingine haimsumbui sana anayepandikiza. Kwa anayerusha, pembe ya chini huwa dimbwi lisiloota kitu na pembe ya juu huwa shamba la magugu.

Mbegu

Kilo moja ya mpunga wa kawaida ina punje kama 36,000. Kwa nafasi ya 20 kwa 20, ekari moja ina mashina kama 100,000. Ukishika namba hizo mbili, mengine ni hesabu.

Kupandikiza miche 2 kwa shina kunadai miche 200,000, yaani kilo 5 na nusu kama kila punje ingeota na kila mche ungefaa. Weka hasara, unapata kilo 8 hadi 12. Kilimo shadidi, chenye mashina kama 65,000 na mche mmoja kila shina, hutosheka na kilo 3. Kudondosha punje 5 kwa shimo kunadai punje nusu milioni: kilo 14, na kwa mkono usio na uzoefu hufika 20. Kurusha hula kilo 25 hadi 40.

Kama unanunua mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, tofauti hiyo inauma. Kama unatumia Supa, mbegu ya mpunga mrefu wenye harufu, uliyoihifadhi mwenyewe, haiumi sana. Lakini usidhani kumwaga kilo 60 kutakupa mpunga mwingi zaidi. Kilo 30 ni punje kama 267 kwa kila mita ya mraba. Zikiota nusu hadi theluthi mbili, una mimea 130 hadi 180, na hiyo inatosha. Ukizidisha, mimea hunyang'anyana mwanga, inarefuka, inakuwa na mashina membamba, machipukizi hupungua na masuke yanakuwa mafupi.

Kabla ya njia yoyote, pima uotaji. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziache siku 7 mahali penye kivuli. Zikiota 80 na kuendelea, endelea na kipimo cha kawaida. Zikiota 60, ulichopanga kiwe kilo 30 sasa ni kilo 40. Zikiwa chini ya 60 tafuta mbegu nyingine. Punje zisizojaa utaziondoa kwa maji ya chumvi: koroga chumvi mpaka yai bichi lielee, mimina mpunga, toa zinazoelea, kisha suuza vizuri zilizozama. Ukiacha kusuuza, chumvi itazuia uotaji na utamlaumu muuza mbegu bure.

Watu wa kazi

Mtu mmoja mzoefu anarusha ekari kabla jua halijawa kali. Kupandikiza ekari hiyohiyo kwa kamba kunataka watu 10 hadi 15 kwa siku moja, bado hujahesabu kumwagilia kitalu, kung'oa miche na kuibeba. Kudondosha kunakaribia kupandikiza, ukitoa tu kazi ya kitalu.

Tatizo la Tabora si bei ya kibarua peke yake. Desemba na Januari kila mtu anahitaji vibarua siku zilezile: mahindi yanataka palizi, na kwa watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku iko shambani inadai mikono. Unaweza kuwa na fedha mfukoni na ukakosa mtu. Hapo miche ya siku 21 inafika siku 35, na kila wiki inayopita inapunguza machipukizi, hasa kwa mbegu fupi, yaani za mpunga usiorefuka, kama SARO 5. Supa huvumilia zaidi, nayo ina mwisho wake.

Fanya hesabu yako mwenyewe kwa bei za kijijini kwako. Upande mmoja andika: vibarua wa kupandikiza pamoja na palizi mbili za mistari. Upande mwingine: mbegu ya ziada kilo 20 au zaidi, pamoja na palizi za mkono kwenye mpunga uliorushwa. Wengi hulinganisha siku ya kupanda tu, na hapo kurusha hushinda kila mara. Weka na palizi, pengo linapungua. Kwenye shamba lenye magugu sugu linageuka kabisa.

Magugu

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana.

Mpunga uliopandikizwa una umri wa wiki mbili au tatu magugu yakianza kuota, na maji ya sentimita 3 hadi 5 yanayofunika jaruba yanaua mengi kabla hayajatoka. Mpunga uliorushwa unaota siku moja na magugu yake, na huwezi kufunika maji mapema bila kuuzamisha mpunga wenyewe. Mbio zinaanza sawa, na magugu yana kasi.

Mistari, iwe ya kudondosha au ya kupandikiza, inakupa njia ya kupita. Unaweza kusukuma kipalizi cha magurudumu katikati, ukamaliza ekari kwa siku chache na watu wachache. Kwenye mpunga uliorushwa kipalizi hakina pa kupita; ni kung'oa kwa mkono, na kila hatua unakanyaga mimea.

Palizi ya kwanza iwe siku ya 14 hadi 21 baada ya kuota, ya pili kufikia siku ya 40. Ukichelewa ya kwanza kwenye shamba la kurusha, hakuna palizi itakayorudisha kilichopotea.

Ugumu mwingine ni kutambua. Lile gugu la jamii ya nyasi linalofanana na mpunga likiwa changa huwadanganya hata wazoefu. Shika mmea, vuta jani nyuma taratibu, utazame pale jani linapoungana na shina. Mpunga una utando mwembamba mweupe uliosimama, na pembeni vikono viwili vidogo vyenye vinywele. Gugu hilo halina kitu, pako laini tupu. Kwa mistari hata huhitaji kutazama hapo, kwani chochote kilicho nje ya mstari kinang'olewa. Kipimo hiki hakisaidii kwa mpunga mwitu, kwa sababu nao una utando. Ule wa kudumu utaujua ukiung'oa: chini una mizizi minene inayotambaa na kutoa mimea mipya. Jaruba lenye mpunga mwitu mwingi lisirushiwe mbegu. Lipandikizwe, tena baada ya kulimwa, kuachwa magugu yaote, na kuvurugwa mara ya pili.

Wengi wanaorusha hutegemea dawa. 2,4-D huua magugu ya majani mapana na jamii ya ndago wiki tatu hivi baada ya mpunga kuota, haigusi nyasi. Anayeipulizia huku shamba limejaa nyasi anaziondolea tu nyasi hizo washindani. Halafu kuna majirani: pamba na tumbaku ni mazao yanayoumia vibaya sana na dawa hii hata kwa ukungu mdogo uliopeperushwa na upepo. Igunga na Nzega kuna pamba, kusini na magharibi mwa mkoa kuna tumbaku. Pulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia, na bomba hilo usilitumie tena kwenye mazao hayo. Kesi za jirani kudai fidia huanzia hapo.

Anayedondosha kwenye ardhi ya mwinuko, isiyofunikwa maji, aangalie pia kiduha, gugu lenye maua linalonyonya mizizi. Kiduha hakisumbui jaruba lililojaa maji. Kama mahindi au mtama wa shamba hilo ulishambuliwa mwaka jana, mpunga wa nchi kavu nao utashambuliwa.

Ndege, ng'ombe, magonjwa na kulala

Mbegu iliyorushwa juu ya tope hulindwa siku 7 hadi 10 za mwanzo dhidi ya ndege. Ya kudondosha imefukiwa, ina nafuu. Ya kitalu inalindwa kwenye eneo dogo ambalo hata mtoto mmoja analimudu. Mwishoni mwa msimu kwelea kwelea hawabagui njia, wanabagua tarehe. Shamba linaloiva peke yake, mapema au nyuma ya mengine, ndilo linalobeba kundi zima. Ukirusha wakati wenzako wote wa bonde wanapandikiza, zungumza nao kwanza.

Mifugo: shamba la mbegu kavu la Novemba halionekani kama limepandwa. Wachungaji wanapita wakidhani ni mabua ya mwaka jana. Weka alama za matawi pembezoni siku hiyohiyo uliyorusha.

Kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya manjano yenye michirizi na kudumaza mpunga, hauenezwi kwa mbegu. Huenezwa na wadudu watafunao majani na kwa majeraha: mikono, kamba, miche iliyosuguana. Kupandikiza ndiko kunakoupa nafasi kubwa, maana kitalu kimoja kilichoambukizwa kinasambazwa ekari nzima kwa siku moja. Ukiona miche ya manjano yenye michirizi kitaluni, usiichague ukaacha mingine; tupa kipande chote kinachoizunguka na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitalu kingine.

Kulala kwa mpunga huwapata zaidi wanaorusha. Mbegu iliyobaki juu ya udongo ina mizizi ya juujuu, na Supa ni ndefu kwa asili. Ukiongeza urea nyingi, upepo wa Machi unamaliza kazi. Ukirusha, chagua mbegu fupi kama SARO 5. Ukiing'ang'ania Supa kwa harufu yake na soko lake, punguza urea na uifukie mbegu vizuri, au ipandikize.

Muda na mavuno

Mbegu iliyopandwa moja kwa moja hukomaa siku 7 hadi 10 mapema kuliko iliyopandikizwa, kwa sababu haipati mshtuko wa kung'olewa. Msimu ukiwa mfupi, siku hizo ni nyingi. Kuhusu mavuno, mpunga wa kurusha uliosambaa vizuri na kupaliliwa kwa wakati unaweza kulingana na wa kupandikiza. Unaoshindwa ni ule wenye mapengo na magugu, ambao kwa bahati mbaya ndio unaoonekana zaidi barabarani.

Ukirusha, rusha hivi

Wengi hudhani hakuna ufundi. Upo, na unaonekana siku ya kumi.

Pima jaruba kwa hatua, ujue ni sehemu gani ya ekari, kisha pima mbegu yake. Gawa mafungu mawili sawa. La kwanza lirushe ukitembea kwenda na kurudi kwa urefu, la pili kwa upana, ukikatisha nyayo za kwanza. Mapengo ya mzunguko wa kwanza yanazibwa na wa pili. Mtu anayerusha lote kwa mzunguko mmoja huishiwa kabla ya kufika mwisho, au hubaki na mbegu akazimwaga pembeni. Fanya asubuhi kabla ya upepo.

Kwa mbegu kavu, fukia siku hiyohiyo, kina kisizidi sentimita 3 au 4. Haro ikipita mara nyingi huzizamisha.

Kwa mbegu ya kuchipusha, loweka saa 24 ukibadilisha maji mara moja au mbili, kisha ziweke kwenye gunia lenye unyevu kivulini saa 24 hadi 36. Geuza gunia kila baada ya saa 12 na unyunyize maji, kwani katikati hupata joto na punje huungua. Koma mzizi ukifika milimita 1 au 2. Ukiuacha urefuke, mizizi hushikana na kukatika mkononi. Jaruba livurugwe na kusawazishwa jana yake, maji yatolewe, tope litulie usiku mmoja. Chora mstari kwa kidole: ukijifunga papo hapo, tope bado ni uji na mbegu itazama ikose hewa; ukibaki wazi wenye kingo kali, limekauka mno na mzizi hautashika. Unaotaka ni ule unaojifunga taratibu. Baada ya kurusha, acha unyevu tu bila maji kusimama kwa siku 5 hadi 7, kisha ongeza kidogokidogo kufuata urefu wa mmea.

Siku ya 14 hadi 20, tengeneza fremu ya vijiti ya sentimita 50 kwa 50, itupe sehemu kama kumi za shamba na uhesabu mimea ndani. Kati ya 30 na 45, una shamba zuri. Chini ya 15, ziba pengo kwa kung'olea, yaani kutoa miche sehemu iliyosongamana na kuipachika palipo wazi siku ya mvua au ya tope. Kazi hii ndiyo inayookoa mashamba mengi ya kurusha.

Ukidondosha au kupandikiza

Kudondosha hukosewa kwenye kina. Kijiti chenye alama ya sentimita 3 kinamzuia kibarua asichimbe shimo la mahindi. Kamba mbili zenye mafundo kila sentimita 20 zinatosha timu ya watu sita.

Kitalu kiwe na matuta ya upana wa mita 1, yaliyoinuliwa sentimita 5 hadi 10, na mbegu gramu 70 hadi 100 kwa mita ya mraba. Kwa kilo 10 unahitaji mita za mraba 100 hadi 140. Kitalu kilichosongamana hutoa miche mirefu dhaifu inayolala siku ya kwanza. Ng'oa ukishika karibu na mizizi, osha tope kwa kutikisa ndani ya maji, usipigepige kwenye goti. Panda siku hiyohiyo, kina sentimita 2 hadi 3. Mche uliozamishwa sentimita 6 hupoteza wiki nzima ukitafuta namna ya kutoa mizizi mipya juu.

Mbolea haitofautiani sana. DAP wakati wa kuandaa, urea mara mbili, kilo 25 kwa ekari kila mara: ya kwanza machipukizi yanapoanza, ya pili shina linapoanza kutengeneza suke, karibu siku ya 55 hadi 60 kwa mbegu ya siku 120. Majani yawe makavu na maji yapunguzwe kwanza.

Nani achague nini

Una ekari moja au mbili bondeni, maji yanakuja mengi na ghafla, familia ni kubwa au mna utaratibu wa kusaidiana: pandikiza. Vilevile kama jaruba lina mpunga mwitu, au mbegu uliyonunua ni chache na ghali.

Uko kwenye skimu yenye mfereji unaoweza kuufungua na kuufunga mwenyewe, jaruba limesawazishwa: kurusha mbegu iliyochipuka kunakufaa, ukiwa tayari kwa palizi ya siku ya 14. Kilimo shadidi nacho kina nafasi hapa kuliko popote, kwa kuwa kinahitaji kuondoa na kurudisha maji kwa ratiba. Kwenye jaruba la mvua peke yake, mche wa siku 10 na dhoruba ya Januari havipatani.

Shamba ni kubwa, ekari tano kwenda juu, una ng'ombe wa kulimia lakini vibarua ni wa kutafuta: rusha mbegu kavu sehemu ya juu yenye magugu machache, na jaruba la chini lililobaki lipandikize. Kitalu kidogo cha kilo 3 au 4 pembeni kitakusaidia pia kuziba mapengo ya ulikorusha.

Ardhi ni ya mwinuko, maji hayasimami kabisa: dondosha, kwa mbegu za nchi kavu kama NERICA, na uache kabisa wazo la tope.

Ulirusha Novemba, mvua ikakata, na sasa ni katikati ya Januari na nusu ya shamba ni wazi: usirushe tena Supa, haitamaliza kabla mvua za Aprili hazijaisha. Zunguka kwa majirani waliobakiza miche kitaluni, uliza ina siku ngapi, na uchukue isiyozidi 25 ya mbegu inayokomaa mapema. Kabla ya kuing'oa, tazama rangi ya kitalu chote, usije ukahamisha kimyanga.